Gurudumu la Upande wa Pili

Tangu Jumamosi asubuhi Choijil hakuwa amekaa kitako hata mara moja. Mkewe Dulmaa alimmiminia chai ya maziwa, akaionja akiwa wima, akaiweka juu ya jiko, akatoka nje kulitazama gari. Akarudi, akainua bakuli, akaliweka tena bila kunywa, akatoka. Mara ya nne Dulmaa aliinywa ile chai mwenyewe, maana aliona itapoa bure.

Gari lilikuwa dogo, jeupe, la Kijapani, usukani kulia kama magari yote ya mtaa wao wa mlimani, na lilikuwa linaunguruma. Halikuwa limekataa kwenda. Lilikwenda vizuri tu, ila likifika mwendo wa kati lilianza mvumo wa chini kwa chini nyuma, kama mzee anayesoma sala mdomo umefumbwa, na kila mwendo ulipopanda na sauti ilipanda. Beringi ya nyuma ilikuwa imekwisha. Mtaa mzima ulijua. Walikuwa wanamsikia akipanda kilima kabla hawajamwona, na mama wa duka la kona alikuwa ameanza kumchemshia maji ya chai kwa kufuata huo mvumo.

Siku nyingine yoyote angesema kesho. Lakini kesho yenyewe ndiyo ilikuwa siku ya Nandin kunyolewa nywele za utotoni. Nandin alikuwa mjukuu wake wa pekee, ana miaka minne, na nywele zake hazijaguswa na chuma tangu azaliwe. Lama, mtawa wa Kibudha, alikuwa amefungua kitabu akasema mkasi wa kwanza ushikwe na mtu aliyezaliwa mwaka wa Nyani, ndani ya saa ya Kondoo, yaani kuanzia saa saba na dakika arobaini mchana mpaka saa tisa na dakika arobaini, basi. Choijil alikuwa wa mwaka wa Nyani. Bahati mbaya, mzee Gombo, babu wa upande wa pili, naye alikuwa wa mwaka huo huo, na yeye alikaa kilomita mbili tu kutoka kwa mtoto, wakati Choijil alikuwa na kilomita mia tatu na hamsini za kutoka Ulaanbaatar mpaka kule karibu na ziwa Ogii.

Na kulikuwa na ile habari ya harusi. Miaka sita nyuma, siku binti yake Undarmaa alipoolewa, gari la zamani la Choijil lilipiga kelele wiki nzima naye akasema kesho wiki nzima. Likamvunjikia nyikani. Siku nzima alikuwa anapiga simu kusema yuko njiani. Alifika siku ya pili, watu wanakunja mahema, na aliyemkabidhi binti yake kwa wakwe alikuwa mjomba wa binti. Undarmaa hakumgombeza, na ndiyo maana jambo lenyewe halikuisha. Safari hii alipopiga simu alisema taratibu: "Baba, ukiwahi, mkasi ni wako. Usipowahi tusimngojeshe mtoto, atashika baba mkwe." Halafu akauliza habari za mifugo ya mtu mwingine.

Basi Choijil alikuwa na sababu ya kutokaa.

Aliyekuja wa kwanza alikuwa Luvsan, jirani wa uzio mmoja, dereva mstaafu wa malori, mtu ambaye hajawahi kupita mahali penye boneti iliyofunguliwa bila kusimama. Alikuja na kiti chake mwenyewe. Akasema kabla ya kununua chochote ni lazima kujua upande, na upande haujulikani kwa kusimama. Gari likikata kona kwenda kulia, uzito wote unaegemea magurudumu ya kushoto. Kama beringi ya kushoto ndiyo mgonjwa, hapo italia zaidi. Hilo kila mtu analijua. Wakapanda wote wawili mpaka juu ya kilima penye ovo, lile lundo la mawe lililofungwa vitambaa vya bluu, mahali pa pekee mtaani ambapo gari linaweza kuzunguka bila kugonga uzio wa mtu.

Wakazunguka mara tatu kwa kufuata jua, ovo mkono wa kulia, kama inavyopasa. Kila walipokata, mvumo ulipanda ukawa mngurumo.

"Kushoto," Luvsan alisema.

"Kushoto," Choijil alikubali, akarusha jiwe lake la heshima juu ya lundo kupitia dirishani, akashuka kilima kwa kasi iliyomfanya Luvsan ashike kofia.

Kwenye soko la spea yule mama muuzaji, Oyuka, alimtolea beringi mbili, kila moja imeungana na habu yake, kile kitovu cha gurudumu, na waya wa sensa ukining'inia kama mkia wa panya. Choijil alisema anataka moja. Oyuka akamuuliza kama na viatu hununua kimoja. Akasema magurudumu ya nyuma yamezaliwa siku moja na yamekula vumbi moja, na kwamba kama hataki ya pili ataileta Jumatatu, yeye hahamii popote. Choijil hakuwa na muda wa kubishana. Akazichukua zote mbili, ya pili akaitupa chini ya buti penye tairi la akiba.

Aliporudi, uani kwake palikuwa na watu saba na Dulmaa alikuwa anakaanga huushuri. Hakuna aliyealikwa. Mtu akiinua gari lake kwa jeki pale mlimani, ni kama amepiga ngoma. Mmoja alikuja kuazima chumvi akabaki, mwingine alileta mtoto aone. Walichuchumaa nusu duara, wakila maandazi ya nyama yanayochuruzika mafuta mpaka viwiko vya mikono, wakamwambia Choijil kila alichokuwa tayari anakifanya. Weka mawe mbele ya magurudumu ya mbele. Ameshaweka. Achia breki ya mkono, la sivyo dramu ya breki haitatoka. Ameshaachia. Wakamsimulia habari za shemeji wa mtu fulani aliyeangukiwa na gari kwa sababu ya jeki mbovu, na jinsi mke wa huyo shemeji alivyokuwa hata hivyo anataka kumwacha.

Dramu ya breki ilikuwa imeshikwa na kutu. Choijil aliingiza bolti mbili kwenye matundu yake mawili madogo, akazikaza kwa zamu, huku kidogo na huku kidogo, mpaka dramu ikajisukuma yenyewe ikatoka na mlio kama mtu aliyekanyagwa. Nyuma akafungua bolti nne, akachomoa waya wa sensa kwa ncha za vidole kama anayemtoa mtoto mwiba, maana klipu za plastiki zilizozeeka hukatika ukizitazama tu. Kisha habu ikagoma. Ilikuwa imeota kutu ikawa kitu kimoja na ekseli. Akaimiminia mafuta ya kulegeza kutu, akangoja, yaani akazunguka uani mara kumi, akaishindilia nyundo yake kubwa. Pigo la tisa ikalegea, la kumi na moja ikaanguka.

Luvsan aliizungusha beringi ya zamani mkononi, ikakwaruza kama mchanga kwenye meno. Ikapitishwa mkono kwa mkono, kila mtu akaizungusha, kila mtu akatikisa kichwa.

Kusafisha kutu, kupachika mpya na kufunga vyote havikuchukua hata saa moja. Choijil na Luvsan wakapanda tena kwenye ovo. Wakazunguka mara tatu kufuata jua, na kwenye kona gari lilikuwa kimya. Luvsan akafunua meno yote aliyobakiwa nayo.

"Si unaona," alisema. "Nilikwambia."

Akaomba palepale vitu viwili: nyundo ya kwenda kurudishia nguzo ya uzio wake, na nafasi kwenye gari kesho, maana ana dada yake karibu na Ogii ambaye hajamwona tangu mwaka juzi. Choijil alikuwa na furaha, akatoa vyote viwili.

Waliondoka saa kumi na mbili asubuhi. Mke wa Luvsan alitoka na ndoo na kijiko cha mti, akayarushia maziwa magurudumu ya nyuma, kushoto na kulia, akawaombea njia nyeupe. Dulmaa alikaa mbele na kikapu cha zawadi mapajani, na ndani ya kikapu, juu kabisa, hadagi, kitambaa cha heshima cha hariri ya bluu, ambamo nywele za mtoto zingefungwa. Luvsan alitanda kiti chote cha nyuma.

Akaanza kuzungumza kabla hawajafika barabara kuu. Alisimulia ndoa ya tatu ya mkuu wake wa zamani, akasimulia fundi aliyeuza injini ileile mara mbili kwa ndugu wawili, akaeleza kwa nini mama wa duka la kona na dada yake hawasemeshani, mambo ambayo hata Dulmaa hakuyajua, na Dulmaa huyajua yote. Dulmaa aligeuka kiti kizima ili asikie. Kilomita mia moja zikapita hivyo. Ndani ya gari palikuwa kama sebule ya harusi, na Choijil alicheka kuliko alivyocheka tangu majira ya kuchipua.

Walipovuka daraja la Lun, Luvsan alilala. Alinyamaza katikati ya jina la mtu, kidevu kikaanguka kifuani. Na Choijil akasikia.

Mvumo ulikuwa palepale. Mdogo kuliko jana, lakini ndio huohuo. Alipunguza mwendo, ukashuka. Akaongeza, ukapanda. Alijiambia ni lami mbaya. Akajiambia ni upepo wa dirisha, akafunga dirisha. Akajiambia ni Luvsan anakoroma, akasikiliza, kweli Luvsan alikuwa anakoroma, na chini ya kukoroma kwake gari nalo lilikuwa linavuma kwa sauti yake lenyewe. Kitu kibaya cha beringi ni kwamba inaweza kukuvumia hivyo miezi miwili, na inaweza kukufia baada ya kilomita thelathini. Lile gari la siku ya harusi lilimfia baada ya kilomita thelathini.

Alisimamisha gari pembeni. Ilikuwa saa mbili na nusu.

"Kuna nini?" Dulmaa aliuliza.

Choijil alishuka, akalizunguka gari, akagusa rimu ya kushoto kwa kiganja: baridi. Akagusa ya kulia, akaurudisha mkono haraka. Alisimama pale akiutazama mkono wake, na hapo ndipo alipoliona lile ovo kichwani mwake, na yeye na Luvsan wakizunguka, mara tatu kabla, mara tatu baada, mawe mkono wa kulia. Kulia, kulia, kulia. Walikuwa wamempima mgonjwa sikio moja. Gari halikukata kona ya kushoto hata mara moja, kwa sababu hakuna mtu mwenye akili timamu anayezunguka ovo kinyume cha jua.

Alimwambia Dulmaa anataka kulizungusha gari kushoto ili asikie kwa hakika. Dulmaa akasema leo ni siku ya nywele za mtoto, watu wanapimiwa saa na lama, halafu yeye anataka kuzunguka kinyume cha jua. Kinyume cha jua, alisema, wanazunguka wanaotoka kuzika.

"Hapa hakuna ovo," Choijil alisema. "Hakuna hata hema la geri. Nitazunguka nini? Nyasi?"

Dulmaa alishuka na kikapu chake, akaenda hatua ishirini, akalipa gari mgongo ili asionekane amekubali. Choijil akaingiza gari kwenye nyika, akaukata usukani wote kushoto.

Gurudumu la kulia likanguruma kama mbwa aliyenyang'anywa mfupa. Luvsan akaamka.

"Kulia," alisema, macho bado yamefumbwa.

"Kulia," alisema Choijil.

Beringi ya Oyuka ilikuwa chini ya buti, ndani ya karatasi yake. Choijil aliishika kwa mikono miwili kama mtu anayepokea zawadi. Jeki ilikuwepo, boksi spana zilikuwepo, mafuta ya kutu yalikuwepo. Alipekua buti mara mbili kutafuta nyundo, kisha akainua kichwa polepole akamtazama Luvsan. Luvsan alikuwa ameanza kushughulika na kofia yake.

"Iko kwenye uzio," alisema mwishowe. "Nimeisimamisha vizuri, haitanyeshewa."

Choijil alitukana kwa mara ya kwanza siku hiyo, kwa sauti ya chini, kwa heshima ya siku ya mtoto.

Gurudumu lilitoka, dramu ikatoka, bolti nne zikatoka, na habu ikagoma kama dada yake. Alijaribu jiwe, jiwe likapasuka. Akajaribu lingine. Kufikia hapo walikuwa wameshasimama watu: lori la sufu, familia moja na friji juu ya paa la gari, kijana wa pikipiki na mkewe. Nyikani hakuna anayepita gari lililoinuliwa. Walichuchumaa nusu duara, chupa za ugoro zikazunguka kwa heshima zote, wakauliza mifugo ikoje, imenenepa vipi majira haya. Choijil alijibu kila salamu akiwa amelala chali, meno yameuma tochi. Mwenye friji alishauri habu ipashwe moto. Dereva wa lori la sufu alishauri isipashwe moto, akieleza kwa nini yeye hana nyusi. Luvsan akawasimulia wote habari ya kuzunguka ovo, akiisimulia kana kwamba aliyekosea ni Choijil peke yake, wakacheka mpaka mke wa kijana wa pikipiki akashika mbavu.

Jua lilikuwa linapanda. Choijil alitoka chini ya gari kulitazama, akarudi, akatoka tena.

Simu ya Dulmaa ikalia. Alikuwa Undarmaa, anauliza wamefika wapi. Dulmaa alimtazama mumewe. Mumewe akatikisa kichwa, asimwambie wako njiani, neno lolote lakini si hilo. Dulmaa akasema wamesimama kidogo hapa baada ya Lun, baba yako anashughulikia gurudumu.

"Sawa, mama," Undarmaa alisema. "Mwambie baba asilikimbize gari."

Ndivyo alivyosema na siku ya harusi, maneno yaleyale. Choijil aliyasikia, kwa sababu Dulmaa huongea na simu ikiwa mbali na sikio. Alisimama, akafuta mikono kwenye suruali, akamuuliza kijana wa pikipiki watu wake wanafungia wapi farasi.

Kijana alielewa kabla hajamaliza. Akaondoka na vumbi lake, na Choijil aliitembea nusu saa yote kwa miguu, mpaka kijana akarudi na gongo kubwa la chuma la kupigilia vigingi vya kamba za farasi. Choijil alilipima mkononi. Akapiga. Kila pigo watu wakahesabu, kwanza kwa utani, halafu kweli. Kwenye la kumi na sita sauti ikabadilika. Kwenye la ishirini habu ikaanguka majanini, imevunjika vipande viwili, na gololi zake zikamwagika kati ya nyasi kama mbegu. Hakuna aliyecheka. Mwenye friji aliokota moja, akaitazama jinsi ilivyolika, akasema tu kwamba isingefika hata Mchanga Mrefu, yale matuta yaliyo mbele njiani.

Saa tano na nusu walikuwa barabarani. Choijil hakulikimbiza gari. Hilo lilikuwa jambo gumu kuliko kupiga gongo. Mguu wake ulikuwa na hamu zake, naye aliuzuia kilomita mia mbili na ishirini. Gari lilikuwa kimya hata ikasikika hariri ya hadagi ikisuguana na kikapu. Luvsan alifungua mdomo mara mbili, Dulmaa akamgeukia mara mbili.

Walifika saa tisa na dakika ishirini na tano. Wageni walikuwa wamesimama nje ya geri, na mzee Gombo alikuwa mbele yao ameshika mkasi uliofungwa kitambaa, uso wake kama wa mtu aliyeshikishwa mtoto wa mwenzake aliyelowa. Undarmaa alitoka mlangoni na Nandin kiunoni. Hakumtazama baba yake usoni. Alitazama mikono, nyeusi mpaka viwiko, grisi imejaa kwenye kila mstari wa kiganja.

Mtu akasema anawe kwanza. Mtu mwingine akasema maji yako wapi, nani ana sabuni. Choijil alisimama mikono ameinyoosha mbele, hajui aiweke wapi.

"Shika, Nyani mwenzangu," mzee Gombo alisema, akamsukumia mkasi. "Mkono umekufa ganzi kwa kukungoja."

Akakata. Kishungi kidogo tu cha juu ya sikio, laini kama manyoya ya mwanakondoo. Nandin akafumba macho mpaka pua ikakunjana. Choijil alikiweka ndani ya hadagi, na alipouondoa mkono, kidole gumba chake kilikuwa kimebaki pale juu ya hariri ya bluu, cheusi, na mistari yote. Dulmaa alivuta pumzi, akatoa leso, akaitia mate.

Undarmaa akamshika mkono.

"Acha, mama. Usifute."

Akaikunja hadagi yeye mwenyewe na kuifunga fundo, ile alama ikabaki nje.

Baadaye geri lilijaa mpaka mlango haufungiki, na maziwa ya farasi yakazunguka bakuli baada ya bakuli. Luvsan, ambaye hakukumbuka tena kwamba ana dada, alisimama katikati akawaeleza wageni jinsi yeye tangu jana alivyosema beringi zimekufa zote mbili, akashauri, akabembeleza, lakini wengine hawasikii. Watu wakamgeukia Choijil wasikie atasema nini. Angeinuka amjibu, na majibu alikuwa nayo ya kutosha. Lakini Nandin alikuwa amesinzia mapajani mwake, kichwa chake kipya kisicho na nywele kimeegemea shati lililonuka grisi, naye alikuwa ameketi pale muda mrefu bila kutikisa hata goti.